Namba ya Miaka Saba

Fomu ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja tu mtupu, ule wa sahihi ya mkurugenzi, na tangu jana jioni Rula alikuwa ameitunza kama mtoto mchanga: ndani ya bahasha, bahasha ndani ya faili, faili ndani ya mkoba, na mkoba juu ya meza ambapo jicho lingeufikia. Saa tisa alasiri fomu hiyo ilitakiwa iwe mbele ya mkurugenzi wa hospitali. Ikishapita pale hairudi. Mtambo ungeagizwa, ungefika baada ya wiki nane, ungefungwa, na hospitali nzima ingeishi nao miaka saba, wapende wasipende.

Mtambo uliokuwa unastaafishwa waliuita Kabati. Na kweli lilikuwa kabati, la chuma, refu kama mlango, lenye diski ishirini na nne na kila kitu ambacho hospitali ile iliwahi kukijua kuhusu mtu: picha za eksirei, majibu ya damu, mafaili ya waliolazwa na ya walioruhusiwa. Lilikuwa limechoka. Mwaka ule tu diski mbili zilikuwa zimekufa, na ya akiba ilibaki moja, ya mwisho, maana waliokuwa wakizitengeneza walikuwa wameshahamia biashara nyingine.

Katika agizo zima Rula alipewa kutafuta namba moja. Ukubwa wa mtambo mpya haukuwa shughuli. Unahesabu kilichomo, unaongeza kitakachokuja. Yeye alipewa upana wa njia: kwa sekunde moja, data kiasi gani zinatakiwa kutoka kabatini hadi kwa daktari ili daktari asikae akikodolea skrini nyeupe. Ukikosea hapo, umenunua tangi la maji la ghorofa mbili ukalifungia bomba jembamba kama kalamu.

Alikuwa amepima wiki tatu. Jina la Rula hakulipata bure. Chuoni alikuwa akipima hadi umbali wa kiti chake na ubao. Aliweka kipimo kwenye kila swichi ya mtandao, akachora grafu, akapata kilele chake: megabaiti mia mbili na arobaini kwa sekunde, Jumatatu moja asubuhi. Akazidisha mara mbili, akaongeza kidogo kwa usalama, akaandika mia tano. Mkuu wa kitengo aliipenda grafu ile hadi akaichapisha kwa rangi na kumpelekea mkurugenzi.

Basi usingizi ulikuwa umemkimbia kwa nini? Hakujua. Ila kila alipofumba macho aliiona grafu, imelala, imenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Hospitali ya watu mia nane kwa siku, na kilele chake ni kigongo kidogo tu cha Jumatatu.

"Kula, mwanangu, acha kuulinda huo mkoba. Hauna miguu."

Huyo alikuwa mama yake mdogo, aliyekaa naye nyumba moja tangu aanze kazi, na mwenyewe karani wa masjala katika hospitali hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akinywa chai wima, anapuliza, anaungua, anapuliza tena, huku mkono mwingine ukitafuta kiatu chini ya kabati la vyombo.

"Sina njaa, mama mdogo."

"Njaa unayo, umeificha tu. Nipe hicho kiatu. Hicho, hapo, karibu na mguu wako."

"Mbona mbio? Hata saa moja haijafika."

"Zamu yangu inaanza moja na nusu, inaisha mbili na nusu. Nikichelewa dakika kumi, maabara wameshaingia. Na yule mtu wao hana haya. Ukimfungulia mlango anahamia na godoro."

Rula alitabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Zamu ya nini?"

"Ya kufungua mafaili, ya nini tena?"

"Mnafungua mafaili kwa zamu?"

"Ulidhani tunafungua wote kwa pamoja?" Mama mdogo alicheka. "Kabati linaganda! Sisi masjala tunaanza, tunachukua mafaili ya siku nzima, hata ya watu ambao hawajafika. Maabara wanaingia mbili na nusu. Eksirei saa nne. Wadi mchana. Ile mashine kubwa ya mviringo, inayopiga picha za kichwa, yenyewe inakaa na picha zake tumboni hadi saa nane, ndipo inaruhusiwa kuzituma. Ratiba iko kwa Mama Picha, na ukimvurugia ratiba yake, siku hiyo utamjua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na hamkuniambia? Wiki tatu ninapima, mama mdogo! Wiki tatu unaniona napima!"

"Wewe ulikuwa unapima mashine, mwanangu. Mimi ni karani." Kiatu kilikuwa kimeshaingia. "Na tena, uliniuliza?"

Mlango ulifungwa. Rula alibaki na kikombe mkononi, chai ikipoa. Sasa alijua grafu ilikuwa imelala kwa nini. Hakuwa amepima haja ya hospitali. Alikuwa amepima subira yake. Watu walikuwa wamejibana, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, na yeye alikuja na vipimo vyake vya kisasa, akaona mtu mmoja mmoja akipita mlangoni, akaandika: mlango mwembamba unatosha.

Na ile mia tano ilikuwa ndani ya mkoba, imeshapigwa chapa.

*

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mpole hadi pale ulipomgusia mambo ya kurudia. Alimsikiliza Rula bila kukatiza, akizungusha kalamu, na kadiri maneno yalivyoendelea ndivyo kalamu ilivyopunguza mwendo. Mwisho ikasimama.

"Unaniambia grafu zako ni za uongo."

"Si za uongo, Mkuu. Ni za watu wenye adabu."

"Usinifanyie mashairi asubuhi hii. Fomu inaondoka saa tisa. Dirisha la maagizo likifungwa, agizo linasubiri mwaka mwingine, na Kabati halina mwaka. Unajua vizuri kuliko mimi."

"Najua."

"Basi badilisha namba. Andika kubwa zaidi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa! Elfu. Elfu mbili. Utakavyo."

"Na mkurugenzi akiniuliza nimeitoa wapi?"

Mkuu aliiweka kalamu mezani. "Hapana," alisema taratibu. "Umesema kweli. Wanakuita Rula, hawakuiti Ramli. Sasa unataka nini?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza njia nzima. Kulikuwa na namna moja tu ya kujua watu wanahitaji nini wasipojibana, nayo ni kuwaambia wasijibane.

"Nataka saa nne, hospitali ikiwa imechangamka, zamu zote zifutwe kwa dakika kumi na mbili. Kila mtu afungue anachotaka. Mimi nihesabu."

"Kwenye Kabati hilihili?"

"Hatuna jingine."

"Lenye diski moja ya akiba."

"Ndiyo, Mkuu."

"Fundi." Alikuwa hamwiti Fundi ila akiwa ameogopa. "Likifa likiwa linapimwa, hatutasema limekufa kwa uzee. Watasema tumeliua."

"Nakala ya jana usiku ipo. Nimeikagua asubuhi hii."

"Kuirudisha nakala yote ni siku ngapi?"

"Nne."

Walitazamana. Siku nne za hospitali isiyojua damu ya mtu, isiyojua nani alipasuliwa wapi. Nje ya dirisha mgonjwa mmoja alikuwa akibishana na mlinzi kuhusu mwavuli. Mkuu alisikiliza mabishano yale hadi yakaisha, kama mtu anayengoja jibu litoke huko.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako."

*

Mama Picha alikuwa karani mkuu wa eksirei, mwanamke mnene, miwani kifuani kwa kamba, na sauti ambayo haikuhitaji simu ingawa simu tatu zilikuwa mezani pake. Ukutani, juu ya swichi ya taa, ilibandikwa karatasi ya ratiba iliyochorwa kwa mkono, na ukingo wake ulikuwa umeota vinyweleo kwa kushikwashikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa kompyuta? Kaa. Usikae hapo, hapo kiti kibovu."

Rula alieleza. Alieleza kwa upole, akapima maneno, akasema si kwamba zamu ni mbaya, ila zimefanya vipimo visione. Mama Picha alivaa miwani ili amwone vizuri.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu kazi yako."

"Hapana, mama, sikusema hivyo."

"Umesema kwa heshima, lakini umesema. Miaka miwili hakuna daktari aliyegandiwa na picha katika hospitali hii. Unajua kwa nini? Mimi hapa. Dharura wakihitaji picha wananipigia mimi, nami nawaambia maabara acheni, masjala acheni, mpaka picha ipite. Mashine yenu ingekuwa imeshaua mtu."

"Ni kweli."

"Na leo nifute zamu! Kwani zamu nilizitoa wapi? Niliziota?" Aliinua kidole, akakisimamisha mbele ya pua ya Rula. "Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi?"

"Wewe. Siku hiyo Kabati liligoma asubuhi nzima. Nikapiga simu kwenu, kikapokea kisauti kipya, kina haraka. Nikasema, binti, hatufungui kitu. Kisauti kikasema, 'Msifungue wote kwa wakati mmoja, mama, peaneni nafasi.' Nikauliza jina. Ukanitajia."

Rula alitaka kukana, lakini kumbukumbu ilimfikia kabla ya neno. Wiki yake ya pili kazini. Simu sita zikilia, diski moja imegoma, naye amepiga magoti mbele ya Kabati na simu imebanwa shingoni. Peaneni nafasi. Alikuwa amemaanisha asubuhi ile tu, mpaka abadilishe diski. Aliibadilisha saa saba, akaenda kula, akasahau. Wao hawakusahau. Walichukua neno la binti mwenye haraka, wakalichorea mistari, wakalibandika ukutani, wakalitii miaka miwili.

"Nilimaanisha siku moja," alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Sasa ningejuaje?"

 Mama Picha aliona machozi yakimlengalenga, akateremsha kidole.

"Usinililie hapa, wagonjwa wataona. Saa nne ngapi?"

"Kamili."

"Nitawaambia. Lakini sikiliza. Dharura wakinipigia, nifanyeje? Nisimamishe watu au nisisimamishe?"

Rula alifikiri. Watu wakisimama katikati ya jaribio, namba inakufa. "Nipigie mimi kwanza," alisema.

Hilo nalo lilikuwa kosa, ila kwa wakati ule lilisikika kama uangalifu.

*

Chumba cha seva kilikuwa na baridi na kelele ya feni, na Kabati lilikuwa kwenye kona yake, taa ishirini na nne za kijani zikipepesa. Rula aliweka kompyuta yake juu ya kigoda. Skrini aliigawa mara mbili. Kushoto, data zinazopita. Kulia, data zinazoombwa. Zikilingana, njia inatosha. Kulia kukizidi kushoto, kuna watu wanangoja, na kungoja kwao ndiko alikokuwa anakutafuta.

"Saa nne," alisema Mkuu nyuma yake.

Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Watu waliozoea kubisha hodi hawaingii mara moja hata ukiuacha mlango wazi. Kisha maabara waliingia, bila shaka na godoro. Kisha masjala. Mstari wa kulia ukainuka: mia tatu, mia nne. Wa kushoto ukaufuata, unahema. Dakika ya tatu wadi wakaingia, na eksirei, na kushoto kukagonga mia nne na kumi kukalala pale, kama mtu aliyefika kwenye dari. Kulia kukaendelea. Mia sita. Mia saba na nusu.

"Mama yangu," alisema Mkuu kwa sauti ya chini.

Sauti ya Kabati ilibadilika. Feni zilipanda, na ndani ya kelele zao kulikuwa na mkwaruzo mkavu, kama kucha juu ya bati. Rula hakugeuka kulitazama. Mia nane na sitini. Ilikuwa bado ile mashine ya mviringo, iliyopangiwa kuanza kutuma dakika ya saba, na yenyewe ndiyo mzigo mkubwa kuliko wote. Dakika mbili zaidi. Mbili tu.

Simu yake ilitetemeka.

"Dharura," ilisema sauti ya Mama Picha, safari hii bila mzaha hata chembe. "Mtu wa ajali. Wamefungua eksirei yake ya kichwa, imegandia nusu. Daktari anaona paji la uso tu. Nisimamishe?"

Rula alinyamaza.

Kimya chake kilikuwa cha pumzi tatu. Baadaye angezihesabu, tena na tena, na kila mara zingekuwa tatu. Katika pumzi ya kwanza aliona mstari wa kulia. Katika ya pili aliona fomu, na saa tisa, na miaka saba ya madaktari wakitazama nusu ya kichwa. Katika ya tatu alimwona mtu mwenyewe, asiyemjua, amelala mahali fulani ghorofani na nusu ya kichwa chake imezuiliwa humu, katika chumba hiki, naye.

"Simamisha," alisema. "Wote, mama. Sasa hivi."

"Wote!" alisikia Mama Picha akipiga kelele kwenye simu nyingine, kisha nyingine. Mstari wa kulia ukaanguka kama kamba iliyokatwa. Rula aliusindikiza kwa macho hadi chini, simu bado sikioni.

"Imepita?" aliuliza. "Mama, imepita?"

"Ngoja."

Alingoja. 

"Imepita. Wanaiona yote." Kisha, baada ya kidogo: "Ulichelewa kunijibu."

"Najua."

"Sekunde arobaini picha ilikwama. Daktari anauliza nani alikuwa anacheza na mtandao."

"Mwambie ni mimi. Mwambie nitakuja mwenyewe."

Alipokata simu ndipo alipogeuka kulitazama Kabati. Taa ishirini na tatu zilikuwa za kijani. Moja, ya tatu kutoka chini, ilikuwa ya machungwa.

*

Diski ya akiba ya mwisho ilijiingiza yenyewe kazini, kama ilivyopangwa, ikaanza kujijaza kutoka kwa wenzake. Saa nane za kujijaza, pengine tisa. Katika muda huo diski nyingine ikifa, kungekuwa na tundu katika data, na baada ya tundu, siku nne.

"Ingekufa tu," alisema Mkuu. "Kama si leo, wiki ijayo."

"Labda."

"Namba umeipata?"

"Nusu yake. Mashine ya mviringo haikuwahi kuanza."

Mkuu alikaa juu ya boksi la nyaya, akajishika kichwa. Saa nne na dakika ishirini. Kurudia jaribio haikuwezekana. Sasa Kabati lisingebebeshwa hata unyoya. Walizima kila kisicho cha lazima. Mama Picha alitoa amri kwamba hadi jioni kila kitu kiandikwe kwenye karatasi, isipokuwa dharura, na hospitali ilimtii, kwa kunung'unika, ila ilimtii.

Rula ndiye aliyerudi kwake kuomba radhi. Alimkuta anaandika katika daftari kubwa la jalada gumu.

"Nini hiyo, mama?"

"Ya leo. Naandika fujo yako."

"Unaandika kila siku?"

"Sasa nitajuaje nani alikula zamu ya nani?" Alimsogezea. "Huyu kaingia saa ngapi, kafungua picha ngapi, nani alikuwa nje anangoja, kangoja muda gani. Wale wa mashine ya mviringo ndio wenye malalamiko. Hao nimewatengea kurasa zao. Kila mgonjwa, picha ngapi. Wenyewe wanakuja kunisomea ili nione wanavyoteseka."

Rula alifungua kurasa. Mwandiko ulikuwa mnene, wa wino wa bluu, hauna mkato usio na sababu. Miaka miwili. Kila aliyengoja, siku kwa siku, dakika kwa dakika. Vipimo vyake vilikuwa vimeona waliopita mlangoni tu. Daftari hili lilikuwa limewaona walioko nje.

"Mama," alisema, "naomba nikae hapa."

"Si nimekwambia hicho kiti kibovu? Chukua changu."

Walifanya kazi hadi saa nane na nusu. Mama Picha alisoma, Rula alihesabu. Pale mwandiko ulipofupishwa, Mama Picha alieleza: hiki kialama maana yake daktari alikasirika, hiki, alikasirika akaondoka. Mashine ya mviringo, siku yake nzito, ingetaka mia tatu peke yake. Jumla na ile mia nane na sitini, elfu moja mia moja na sitini. Wagonjwa kwenye daftari walikuwa wakiongezeka mwezi hadi mwezi. Aliongeza miaka saba ya ongezeko hilo. Aliandika elfu mbili na mia nne, akaitazama namba ile, akarudia hesabu upya, kwa sababu sasa alijua jinsi namba inavyoweza kuonekana nzuri huku imekosea.

Mkurugenzi aliwapokea saa tisa kasoro dakika nne. Aliweka fomu mpya kando ya grafu ya rangi, akatazama hii, akatazama ile.

"Jana mia tano. Leo elfu mbili na mia nne."

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Jana ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa nao sana."

"Na leo?"

Mkuu alikohoa kidogo, kumkumbusha kwamba jibu lipo na ni fupi. Rula alisema yote. Alisema kuhusu simu ya miaka miwili iliyopita na neno lake la haraka, kuhusu zamu, kuhusu jaribio, taa ya machungwa, picha iliyokwama sekunde arobaini, na zile pumzi tatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu pumzi. Alipomaliza, mkurugenzi alikuwa amevua miwani.

"Huyo mtu wa ajali?"

"Yuko chumba cha upasuaji. Nimeuliza mara mbili. Hawajasema kitu."

Mkurugenzi alivaa miwani tena na kusoma hesabu mstari kwa mstari, kidole kikishuka, huku saa ya ukutani ikipita tisa, tisa na tano, tisa na kumi. Alitia sahihi, kisha akasema jambo moja. "Hili la pumzi utaliandika. Kwa mkono wako, kesho, mezani kwangu."

"Ndiyo, mkurugenzi."

Hakukimbia ngazini, alitembea upesi hadi watu wakampisha. Chumba cha seva kilikuwa vilevile, baridi na kelele. Diski ya akiba ilikuwa imejaa asilimia hamsini na nane. Alikaa chini, mgongo ukutani.

Mama Picha aliingia bila kubisha, mara yake ya kwanza kufika humo, akajifunika mtandio mabegani kwa baridi. Alilitazama Kabati kuanzia juu hadi chini.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Jembamba hivi! Nilidhani linajaza chumba." Alikaa juu ya boksi la nyaya, likalalamika. "Dharura wamenipigia."

Rula aliinua uso. Alimtazama tu mdomo.

"Ametoka upasuaji. Anapumua. Daktari anasema kesho ndiyo watajua, kama ataamka vizuri au vipi. Na nimemuuliza, zile sekunde. Anasema hajui. Anasema huenda si kitu, huenda ni kitu, hakuna mtu atakayewahi kukuambia."

Rula aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa namba pekee ya siku ile ambayo hakuna daftari lililoiandika.

Asilimia sitini na moja. Kisha, kwa muda mrefu, asilimia sitini na moja tu.

"Limeganda?" Mama Picha alinong'ona.

"Halijaganda. Linasoma sehemu mbovu, linarudia."

"Litavuka?"

"Sijui, mama."

Mama Picha alivuta mtandio, akasogea kidogo, akapapasa nafasi iliyobaki juu ya boksi. Rula aliinuka sakafuni akaja kukaa kando yake, na wote wawili wakaitazama ile taa ya machungwa.